Sinywi Hayumo Kitabuni

1

Sinywi alikisoma kitabu mpaka mwisho akijitafuta, na hakujiona.

Alirudi mwanzo akaanza upya, safari hii akipitisha kidole juu ya kibao cha kusomea, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Waliomo walikuwa wengi. Alikuwemo mzee mwenye punda, walikuwemo ndugu wawili waliogombea shamba, na ilikuwemo mashine ya kugawa maji, Mgawaji, ambaye katika kitabu hicho alisema kwa upole kama mkunga. Sinywi hakuwemo.

Je, baba yake alimdanganya? Marehemu Mbazi alikuwa mtu wa kelele, wa ubishi, wa kuimba huku amebeba mzigo, lakini uongo haukuwa kilema chake. Alimpakata Sinywi akiwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka, akamwambia, "Watoto wa shule wakikucheka jina, waambie umo ndani ya kitabu kilichopata tuzo. Ukikua utajiona."

Watoto walimcheka kweli. "Sinywi, hata uji?" "Sinywi, mvua hiyo, funga mdomo!" Naye aliwajibu kama alivyofundishwa, kwa sauti ya chini maana alikuwa mtoto wa haya, kisha akangoja kukua.

Kukua kukaja, kitabu hakikuja. Mama yake hakukitaka nyumbani. Hakukikataza kwa maneno. Alikuwa na namna yake tu. Kibao kikiwashwa kwa jirani na mtu akaanza kusoma Mizani ya Maji, mama alikumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Sufuria hiyo iliachwa motoni utoto wote wa Sinywi, na haikuungua hata mara moja.

Mwaka huu lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Miaka thelathini ilikuwa imetimia tangu Mizani ya Maji ipate tuzo iliyoipa nchi sifa, na mwandishi wake, marehemu Elinami Sekiete, alizaliwa hapa hapa Kigonde, milimani Upare, nyumba ya tatu juu ya ndiva, lile bwawa la udongo walilolichimba mababu ili kukinga maji ya mlima na kuyafungulia mashamba kwa zamu. Siku ya sherehe ndiyo siku ambayo lango la ndiva lingekabidhiwa Shirika la Mgawo. Mgawaji wa kweli, aliyeundwa kwa kumfuata yule wa kitabuni, angeanza kazi. Kila nyumba ilipewa ukurasa mmoja wa kusoma mbele ya watu. Nyumba ya kina Sinywi, ya mwisho kabisa mferejini, ikapewa ukurasa wa sura ya kumi na saba.

Sura hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Zile za mwanzo zilikuwa na harufu ya Kigonde. Watu walikatizana maneno, walitukanana kutoka shamba hadi shamba, na mwanamke mmoja alimwita shemeji yake mbuzi wa kufungwa kamba fupi. Katika sura ya kumi na saba hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kila mtu alimaliza alichokuwa akisema, kisha akamshukuru Mgawaji, kisha akampisha mwingine naye ashukuru. Sinywi alikuwa mpishi wa makande tangu utotoni, na alijua ni kitu gani anachokitafuna: mahindi yaliyotiwa sufuriani wakati maharage yameshaiva.

Kuna mtu alikuwa amekifunua kitabu hiki kikiwa jikoni. Akaamua kumtafuta.

2

Ukumbini alimkuta Bwana Luhende, mhandisi wa Shirika, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope. Alikuwa akining'iniza picha ya marehemu Sekiete ukutani, ikienda kombo kila alipoiachia.

"Hodi."

"Karibu, dada. Umekuja kufanya mazoezi ya kusoma?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Na kama hunitaki mimi, muulize mwandishi mwenyewe." Aligonga kasha dogo lililokuwa juu ya meza. "Mzee, amka. Una mgeni."

"Karibu, mwanangu," kasha likasema.

Ilikuwa sauti ya mzee wa milimani, yenye mkwaruzo, na ikakohoa kidogo. Kikohozi hicho kilimkera Sinywi. Mtu aliyezikwa anakohoa nini? Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa nyumba gani?"

"Ya Mbazi. Mwisho wa mfereji. Mimi naitwa Sinywi. Baba alisema jina langu alilitoa kwenye kitabu chako."

Sauti haikusita. Ndicho alichokigundua Sinywi kwanza. Mzee yeyote wa Kigonde angetaka kujua kwanza huyo Mbazi ni mtoto wa nani na mama yake alitoka ukoo gani.

"Hakuna mhusika wa jina hilo katika riwaya zangu, mwanangu. Ila ni jina zuri. Lingemfaa mhusika."

Luhende akacheka. "Umesikia? Huyu anajua kila neno aliloandika Sekiete."

"Anajua aliyoyaandika Sekiete, au yaliyomo Ghalani?"

"Si ndiyo hayo hayo? Dada, tangu karatasi zikome, kitabu ni kimoja nchi nzima, na kimo Ghalani. Vibao vyetu vinakitazama tu, kama watu elfu wanavyotazama mwezi mmoja."

"Na mwezi ukibadilishwa, nani atajua?"

"Nani abadilishe mwezi?" Sasa alikuwa akimtazama vizuri, kichwa kimeinama upande. "Wewe ulikuja kuuliza nini hasa?"

Sinywi akaona haya, haya ile ya zamani iliyompandia shingoni. Akauliza la pili, lililokuwa jepesi zaidi. "Mgawaji atatupa sisi kiasi gani?"

Hapo Luhende alifurahi, maana hapo ndipo palipokuwa pake. Akamvutia kiti, akamwonyesha kwenye kibao. Mashambani, alisema, watachomeka pini za kupima unyevu wa udongo. Mizani ya gulioni itasema kila nyumba imeuza nini. Zahanati itasema nyumba ina midomo mingapi na afya yake ikoje. Mgawaji anajumlisha yote: nyumba inakunywa nini, na inarudisha nini. Anayerudisha zaidi anaongezewa, shamba lake linastawi, chakula kinajaa, na mwisho hata mvivu anashiba.

"Ndiyo hesabu ya kitabuni," akasema. "Ilichukua miaka mingi kuifanya iwe kweli. Haya, nyumba ya Mbazi. Watu wawili. Tangawizi, siyo nyingi. Mmoja ana ugonjwa wa kifua." Kidole kikateremka. "Theluthi moja ya mnachopata sasa. Kwa kuanzia."

"Na baadaye?"

"Itategemea mama. Akipata nafuu, inapanda."

"Asipopata?"

Luhende akakitazama kibao, kisha akavitazama viatu vyake. Hakuwa na ubaya usoni. Alionekana kama mtu aliyetumwa kupeleka mzigo na hajaambiwa ndani kuna nini.

"Dada," akasema, "mbona unaniuliza kama polisi?"

3

Wanawake walikuwa mferejini wakisugua tangawizi kwa magunzi, miguu majini, sketi zimefungwa magotini. Aliyekaa juu ya jiwe kubwa alikuwa Mama Kiondo, mwanamke mnene mwenye ulimi kama wembe, na ambaye hata hivyo hakuna mfiwa wala mzazi aliyewahi kukosa kikapu chake mlangoni.

"Shikamooni."

"Marahaba. Sinywi, maji hayo, au umegoma na leo?"

Wenzake wakacheka. Mzaha ule ulikuwa na umri sawa na Sinywi. Siku zote yeye alitabasamu na kuchuchumaa. Leo alibaki amesimama.

"Mama Kiondo, jina langu lilitoka wapi?"

"Kwa baba yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa na mdomo mpana kuliko lango la ndiva."

"Alisema lilitoka kwenye Mizani ya Maji. Nimekisoma. Halimo."

Kicheko kilikatika papo hapo, kama maji yanavyokatika mtu anapoligongelea lango. Mmoja akainama kutafuta gunzi lililokuwa mkononi mwake. Mwingine akaanza kuzisugua tangawizi zilizokwisha kusuguliwa. Sinywi aliwatazama mmoja mmoja, wanawake hawa waliomlea, na kwa mara ya kwanza akawaona kama watu waliosimama mlangoni wakiuzuia usifunguliwe.

"Umekisoma chote?" Mama Kiondo akauliza taratibu.

"Chote."

"Na sura ya kumi na saba?"

"Na hiyo."

"Inasemaje siku hizi?"

Alijisikia mwenyewe alipokwisha kusema. Uso wake ulibadilika, lakini neno lilikuwa limetoka. Siku hizi. Kitabu cha mtu aliyekufa kitakuwaje na siku hizi na siku zile?

"Mmekifanya nini?" Sinywi akauliza.

"Kamuulize mama yako. Na ukimuuliza, kaa chini kwanza." Mama Kiondo akachovya mikono majini. "Na usirudi hapa na maneno hayo, nitakuchapa ukubwa huo huo."

4

Mama yake, Nakijwa, alikuwa uani akimenya ndizi mbichi. Kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi mdogo, kama kawaida ya mchana wa baridi.

"Mama, sura ya kumi na saba ilikuwa inasemaje?"

Kisu kiliendelea. "Nina sufuria—"

"Hakuna sufuria motoni, mama."

Nakijwa aliimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi. Akaitia kwenye maji, akajifuta vidole. Alipoanza kusema hakumtazama binti yake, alizitazama ndizi.

"Kulikuwa na mwanamke. Mgawaji alimpa yeye maji, akamnyima jirani yake, kwa kuwa jirani alikuwa mgonjwa na harudishi kitu. Mwanamke akajaza ndoo yake, akaiweka mlangoni pa nyumba yake, watu waione. Akasema, 'Sinywi mpaka anywe.' Basi, hayo tu. Kesho yake ndoo ikawekwa mlango wa pili. Ikawekwa na wa tatu. Mwisho mji mzima umekaa na ndoo zimejaa, midomo imekauka, hakuna anayekunywa. Mgawaji akashindwa hesabu, maana hakufundishwa habari ya mtu anayekikataa kilicho chake. Akafungua maji yote."

Ndipo Sinywi akakaa chini, kama alivyoambiwa. Huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Baba hakuwa mwongo.

"Ni nzuri, mama."

"Nzuri sana. Iliua watoto."

Upepo ulipita uani. Mama akasubiri kifua kitulie, ndipo akaendelea.

"Mwaka uliofuata tuzo, Shirika lilileta Mgawaji wa kwanza hapa. Wa majaribio. Akazikatia maji nyumba nne za mwisho wa mfereji."

"Yetu ilikuwemo?"

"Ilikuwemo. Kitabu kilikuwa midomoni mwa kila mtu, na baba yako ndiye alikuwa wa kwanza kupita nyumba kwa nyumba. Ndoo zikawekwa milangoni, Kigonde kizima, kama kitabuni. Ilipendeza kuangalia. Lakini mwanangu, koo siyo karatasi. Kitabuni hakuna aliyekwenda kuteka kwenye dimbwi. Sisi tulikwenda, kwa kujificha, kule bondeni wanakonywa ng'ombe. Watu wazima waliugua wakapona."

"Mwaka wa tumbo," Sinywi akasema. Alikuwa amelisikia jina hilo, kama mtu anavyosikia habari za nzige wa zamani.

"Ndivyo tulivyouita. Mama Kiondo alizika wawili juma moja. Mimi nilimzika Kiure."

Sinywi hakuwahi kulisikia jina hilo ndani ya nyumba yao.

"Kaka yako. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kusema 'maji'. Alilisema vizuri, na alilisema sana." Nakijwa alichukua ndizi nyingine, akaiacha. "Shirika liliogopa, likang'oa mashine yao, likaondoka. Ndiyo, tulishinda. Wewe ulizaliwa baada ya hapo, na baba yako akasema utaitwa Sinywi ili wasirudi. Sikumsemesha mpaka ulipoanza kukaa."

"Na sura?"

"Ghala ina mahali pa kuombea. Maneno yakikuumiza, unaomba yaondolewe kwenye kibao chako mwenyewe. Mtu mmoja, kibao kimoja, ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini sisi unatujua. Lini Kigonde mtu akafanya jambo peke yake? Baba yako alipokwisha kuzikwa, baragumu likapigwa la msaragambo, wito wa kazi ya wote, kama tunakwenda kuzibua mfereji. Wote tukakaa ukingoni mwa ndiva, kila mtu na kibao chake, Mzee Senzia akasema 'haya,' tukaomba kwa pamoja. Tukaomba siku hiyo, na iliyofuata, mpaka tukachoka. Ghala haijui msaragambo. Ilidhani nchi nzima inalia. Ikaitoa sura kila mahali."

"Na hii iliyopo?"

"Iliona pengo, ikalijaza. Sisi tuliomba maneno yaondolewe. Hatukuomba yaletwe mengine. Sekiete alikuwa ameshakufa, hakuna wa kuulizwa. Na sisi tungemwambia nani? Ndiyo kwanza tulikuwa tumepata usingizi."

Sinywi alikuwa amemshuku Luhende, akalishuku kasha linalokohoa, akawashuku watu wasiojulikana wa mbali wenye mikono mirefu. Kumbe mikono ni hii, iliyokuwa ikimenya ndizi.

"Wanarudi, mama. Na wanarudi kwa kukitumia kitabu hicho. Nimeiona hesabu yetu. Theluthi moja, na kifua chako kimo ndani ya hesabu."

"Najua."

"Unajua na umenyamaza?"

"Mashine inaua polepole. Unapata nafasi ya kutafuta dawa, ya kuhama, ya kuomba. Ushujaa uliua kwa juma moja. Wasikie hao vijana sura ile leo, kesho ndoo ziko milangoni. Unamjua mtoto wa jirani yetu Naelijwa, anayetambaa? Wewe ndiye utakayemwambia asiende dimbwini?" Akamshika mkono, vidole vyenye utomvu wa ndizi. "Niapie. Hutaitamka sura hiyo mbele ya watu."

Palikuwa na jambo jingine lililompitia Sinywi, akaona aibu nalo: huenda mama alikuwa akiwaogopea watoto wa wenzake, au huenda alikuwa akijiogopea mwenyewe, asije akalisikia tena lile neno moja la Kiure kwa sauti za watu. Hakuwa na njia ya kujua. Pengine hata mama hakuwa nayo.

"Naapa," akasema. "Kwa kaburi la baba."

5

Kigonde hawapigi kura. Jambo la maji linaulizwa mara tatu na mwenyekiti wa ndiva, na ukimya ukishinda mara zote tatu, limepita. Luhende alipoelezwa desturi hiyo aliipenda sana. Alisema hajaona mahali penye utaratibu mwepesi kama huo.

Ukumbi ulijaa. Kasha lilisema, likaeleza jinsi Mizani ya Maji ilivyozaliwa kutokana na upendo wa haki, likakohoa pale pale ambapo watu walitakiwa kuguswa. Mhadhiri mgeni alieleza kwa nini riwaya ile haizeeki. Sinywi alimsikiliza akawaza kwamba kitu kisichozeeka ni cha kukitilia shaka. Hata mawe ya mtoni yanaonyesha yamepitiwa na nini.

Kisha kurasa zikasomwa, nyumba baada ya nyumba. Vijana walisoma kwa majivuno, wazee kwa kupapasa. Ilipofika zamu ya nyumba ya Mbazi, Sinywi alisimama, akausoma ukurasa wake wote wa shukrani mpaka nukta ya mwisho. Watu wakampigia makofi. Aliketi kabla hayajaisha.

Mzee Senzia, mwenyekiti, aliinuka akiwa ameshika fimbo.

"Lango la ndiva lipewe Mgawaji. Mwenye neno aseme."

Kimya. Luhende akatabasamu.

"Lango lipewe Mgawaji. Mwenye neno aseme."

Sinywi aliwatazama wanawake wa mferejini. Hakuna aliyemtazama mhandisi wala kasha. Walikuwa wakitazamana wao kwa wao, kwa macho ya pembeni, kila mmoja akimlinda mwenzake asifungue kinywa. Hata Mzee Senzia alikuwa akiwatazama hao. Akaona pia kwamba mama yake amemshika pindo la kanga, tangu saa gani hakujua, na amelizungusha kiganjani.

"Kwa mara ya mwisho. Lango lipewe Mgawaji. Mwenye neno—"

Kanga ilivutika. Sinywi alikuwa amesimama.

"Kuna jambo niliapa kutolisema," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata walio nyuma wakanyoosha shingo, "na silisemi. Ninauliza tu. Mimi ni Sinywi wa Mbazi. Anayejua kwa nini niliitwa jina hili aseme. Kama hayupo, nitakaa, na lango mlitoe."

Vijana waligeuziana macho. Mmoja akanong'ona, "Ameshaanza huyo, hajanywa maji," wakazuia vicheko. Luhende aliinua mkono kwa upole.

"Dada, hilo tulilijibu siku ile. Mzee, mkumbushe."

"Hakuna mhusika wa jina hilo katika riwaya zangu, mwanangu," kasha likasema. "Ila ni jina zuri. Linge—"

"Wewe nyamaza, umekufa!"

Alikuwa Mama Kiondo. Watu walicheka kwa nguvu, kisha wakamwona uso, kicheko kikawakauka. Aliinuka kwa kushika bega la aliyekaa mbele yake.

"Kaa chini, mtoto," alimwambia Sinywi. "Umeshafanya ulilolifanya."

Alipita katikati ya viti mpaka mezani. Hakuwa na haraka. Luhende alimpisha, kama kila mtu anavyompisha.

"Kijana, wewe una mizani."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina watoto wangu wawili, Elifuraha na Nanzia. Walikufa kwa tumbo, juma moja, wakati mashine yenu ilipokuja hapa mara ya kwanza. Hawanywi, hawarudishi kitu. Niangalizie, wanakaa upande gani wa mizani?"

"Mara ya kwanza?" Luhende akasema. "Mama, hatujawahi kuja hapa." Akatazama huku na huku, akaona nyuso za wazee, na maskini, akafanya kile alichokijua: alikichukua kibao akayaandika majina yale. Akangoja. "Hayamo," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hayamo. Na kitabuni mwenu hayumo mwanamke aliyevisababisha vifo vyao. Tulimtoa sisi, kwa mikono yetu, na huyu Senzia akisema 'haya.'"

Mzee Senzia aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Ukumbi ukaanza kunguruma. Kijana aliyekuwa akinong'ona alisimama. "Mlimtoa vipi, mama? Alifanya nini huyo mwanamke?"

"Nitakuambia. Lakini mkae vizuri, maana ni habari mbili, na hakuna atakayetoka na moja. Ya mwanamke ni tamu. Ikisemwa peke yake inaua, nimeona. Ya watoto ni chungu. Tumeificha, na hiki ndicho kilichoota." Alilionyesha kasha, na Luhende, na ramani ya pini za mashambani iliyokuwa ukutani. "Anayetaka ya mwanamke tu, mlango ule pale."

Hakuna aliyetoka. Mzee Senzia aligonga sakafu kwa fimbo, mara moja, bila kuinua kichwa. "Ukimya umevunjika," akasema. "Lango libaki lilipo."

Mama Kiondo alianza kusema. Sinywi hakumsikia mwanzoni, kwa kuwa masikio yake yalikuwa kwa mtu aliyekaa kando yake, mwenye kifua kinachopiga mluzi.

"Uliniapia," Nakijwa alisema bila kumgeukia.

"Ndiyo, mama."

"Umeniponyoka kwa ujanja, kama baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Sijakusamehe."

Mbele, Mama Kiondo alikuwa amefika penye dimbwi. Sauti yake ilikwama pale, akatikisa kichwa, akajaribu tena, ikakwama. Ukumbi mzima ulikuwa ukingoja, na hakukuwa na wa kumpokea mzigo.

Nakijwa aliliachia pindo la kanga. Alikohoa, akajikusanya nguo, akashika kiti cha mbele, akasimama.

"Na wa kwangu," akasema, "aliitwa Kiure."